Upepo Bure, Mfuko Ghali

Tarehe 12 Agosti 1960 Wamarekani walirusha angani puto lililoitwa Echo 1. Liliondoka ardhini likiwa limekunjwa ndani ya kasha la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 67 hivi. Kwenye mwinuko wa kilomita 1,600 kasha likafunguka, puto likajaa, likawa tufe la kipenyo cha mita 30.5. Piga hesabu ya ujazo: kasha lilikuwa na mita za ujazo 0.16, na puto lililojaa lilikuwa na 14,850 hivi. Mzigo ulitanuka zaidi ya mara 90,000.

Miaka 56 baadaye, tarehe 28 Mei 2016, shirika la anga la Marekani, NASA, lilijaza hewa chumba cha kitambaa kinachoitwa BEAM, kilichopachikwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kilipokunjwa kilikuwa na urefu wa mita 2.16 na kipenyo cha mita 2.36. Kilipojaa kikawa na urefu wa mita 4.01 na kipenyo cha mita 3.23. Ukikichukulia kama pipa, ujazo wake wa nje ulipanda kutoka mita za ujazo 9.4 hadi 33. Mara tatu na nusu, basi.

Kutoka mara 90,000 hadi mara tatu na nusu, na katikati pana zaidi ya nusu karne ya maendeleo! Wahandisi hawakusahau kazi. Echo 1 ilikuwa kioo cha kurudisha mawimbi ya redio: siku ile ile ya kwanza ujumbe wa Rais Eisenhower, uliorekodiwa, ulirushwa kutoka California, ukagonga puto, ukapokelewa New Jersey. Kioo hakipumui. BEAM ilipaswa kubeba hewa ya binadamu, kuzuia vijiwe vinavyokwenda kasi kuliko risasi, na kutopasuka hata kidogo. Kila jukumu linaloongezwa kwenye mfuko hula sehemu ya faida ya kuukunja, na anayetaka kujua bei halisi ya miundo hii inayokunjwa na kujazwa upepo inabidi afuate majukumu hayo moja moja. Upepo wenyewe ni karibu bure.

Tuanze na mkunjo, maana ndiko pesa ya kwanza inakopotelea.

Ngozi ya Echo ilikuwa ya plastiki ya poliesta iliyopakwa alumini, yenye unene wa milimita 0.0127, iliyoungwa kwa vipande 82 vilivyokatwa kama maganda ya chungwa. Eneo lake lote lilikuwa mita za mraba 2,920. Zidisha eneo kwa unene, halafu kwa uzito wa poliesta, unapata kilo 52 za plastiki. Puto zima wakati wa kuruka lilikuwa na kilo 71, na kati ya hizo kilo 15 zilikuwa poda. Poda ndiyo iliyokuwa mtungi wa gesi: ikipigwa na jua ndani ya puto inageuka mvuke, na mvuke unasukuma ngozi. Lilipojaribiwa ardhini, puto hilo hilo lilihitaji tani 18 za hewa ili lijae. Angani hakuna hewa ya nje inayolikandamiza, kwa hiyo kilo 15 zilitosha.

Sasa tazama kasha. Plastiki yote ile ikishindiliwa bila pengo inachukua mita za ujazo 0.037, ambayo ni robo tu ya kasha. Robo tatu iliyobaki ni nafasi kati ya mikunjo, na kwenye nafasi hujificha hewa. Tarehe 28 Oktoba 1959, katika jaribio la kurusha puto kama hilo kutoka kisiwa cha Wallops, Virginia, hewa kidogo iliyosalia kwenye mikunjo ilifika mahali pasipo na mgandamizo wowote wa nje, ikatanuka kwa ghafla, na puto likachanika vipandevipande. Watu wa pwani ya mashariki ya Marekani waliona vimulimuli angani usiku ule wasijue ni nini. Vilikuwa vipande vya plastiki ya alumini vikimeta juani.

Ungedhani somo lilieleweka. Mei 1996 chombo cha anga cha Endeavour kilibeba antena ya kujazwa upepo yenye kipenyo cha mita 14, iliyoshikwa na miguu mitatu ya mita 28. Antena nzima ilikuwa na kilo 60 hivi na iligharimu karibu dola milioni moja, bei ya kutupa kwa vifaa vya anga. Antena ya chuma ya ukubwa huo ingekuwa nzito na ghali mara nyingi. Ilipofunguliwa ilijinyonganyonga na kupinduka kinyume cha ramani ya wahandisi kabla ya miguu kunyooka. Kioo chenyewe hakikujaa sawasawa. Chanzo kimojawapo kilikuwa kile kile cha mwaka 1959: hewa iliyobaki kwenye mikunjo, pamoja na nguvu ya kitambaa kilichobanwa muda mrefu.

Halafu ikaja zamu ya BEAM. Jaribio la kwanza la kuijaza, tarehe 26 Mei 2016, lilisimamishwa baada ya saa chache. Mgandamizo ulikuwa unapanda ndani lakini chumba hakitanuki. Kilikuwa kimekaa kwenye mkunjo kwa miezi 15, muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na tabaka za kitambaa zilikuwa zimeng'ang'aniana. Siku mbili baadaye mwanaanga Jeff Williams alirudi kwenye vali na kuifungua kwa mikupuo 25, akisubiri kila mara kitambaa kijiachie. Zilisikika sauti za kupasuka ndani, nyuzi za kufungia zikikatika moja moja kama zilivyokusudiwa. Kazi ilichukua zaidi ya saa saba, na katika muda huo wote vali ilikuwa wazi kwa dakika 2 na sekunde 27 tu. Hewa ilihitaji sekunde 147. Saa nyingine zote zilikuwa za mkunjo.

Kwa hiyo unapoona bei ya muundo wa aina hii, jua kwamba sehemu kubwa ni majaribio ya kukunja na kukunjua, yanayorudiwa hadi ufunguaji uweze kutabirika. Kitambaa hakifuati hesabu kama chuma. Ukikikunja leo na ukakikunja kesho hupati mkunjo ule ule.

Turudi duniani, kwenye muundo mkubwa zaidi: paa la uwanja. Uwanja wa Tokyo Dome ulifunguliwa mwaka 1988. Paa lake la kitambaa, pamoja na nyaya za chuma zinazolibana, lina tani 400 na eneo la mita za mraba 28,592, sawa na kilo 14 kwa mita ya mraba. Halina nguzo hata moja katikati. Linashikiliwa na hewa ya ndani, ambayo mgandamizo wake umezidi wa nje kwa asilimia 0.3 tu. Asilimia hiyo ndogo ni paskali 304, na paskali 304 husukuma juu kila mita ya mraba kwa nguvu ya kilo 31. Kilo 31 kwenda juu dhidi ya 14 kwenda chini: paa linaelea na bado lina akiba ya kilo 17 kwa ajili ya upepo na mvua. Mtazamaji anayeingia kupitia milango ya kuzunguka hahisi kitu zaidi ya yule anayepanda lifti hadi ghorofa ya tisa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowapa wazimu Wamarekani wa miaka ya 1970. Mhandisi David Geiger alikuwa ameezeka banda la Marekani kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970 kwa paa la namna hiyo, duaradufu la mita 142 kwa 83, na kila mji wenye timu ukataka la kwake. Mwaka 1975 ulifunguliwa Silverdome huko Pontiac, Michigan, viti 80,000 kwa dola milioni 55.7. Gawanya: dola 696 kwa kiti, paa likiwemo. Mwaka huo huo New Orleans ilifungua Superdome yenye paa la chuma, kwa dola milioni 134. Mhasibu yeyote wa mwaka 1975 angekwambia chagua kitambaa.

Kisha theluji ikaanguka. Akiba ya kilo 17 au 20 kwa mita ya mraba ni nyingi hadi siku uipigie hesabu theluji. Theluji laini iliyoanguka punde ina karibu kilo 100 kwa mita ya ujazo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 2010 Minneapolis ilipata theluji ya sentimita 43, sawa na kilo 43 kwa mita ya mraba hata kabla upepo haujaikusanya kwenye mabonde ya paa. Paa la Metrodome, uwanja uliojengwa kwa dola milioni 55 na kufunguliwa mwaka 1982, lilichanika, na kamera zilizokuwa ndani zikarekodi theluji ikimiminika uwanjani. Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Paa hilo liliwahi kushuka mwaka 1981, hata kabla ya ufunguzi, kisha 1982 na 1983. Dawa ilikuwa kupuliza hewa ya moto chini ya kitambaa ili theluji iyeyuke, maana yake kununua nishati kila baridi ya mwaka, pamoja na feni zisizozimwa usiku wala mchana. Paa jipya liligharimu karibu dola milioni 18, theluthi moja ya bei ya uwanja mzima ulipojengwa, ingawa ni haki kukumbuka kwamba dola ya 2010 haikuwa na nguvu ya dola ya 1982. Miaka mitatu baadaye wakaubomoa wote.

Silverdome ilipata aibu zaidi. Uwanja ulioandaa mechi za Kombe la Dunia mwaka 1994, za kwanza katika historia ya kombe hilo kuchezwa ndani ya jengo, uliuzwa kwa mnada mwaka 2009 kwa dola 583,000. Hiyo ni dola 7 na senti kwa kiti. Mwaka 2013 paa lilichanika na kuachwa lilale, na jengo likabaki wazi kwa mvua hadi lilipobomolewa. Superdome ya chuma ilipigwa na kimbunga Katrina mwaka 2005, ikatumia mamia ya mamilioni kukarabatiwa, na Februari 2025 bado iliandaa fainali ya Super Bowl. Tokyo Dome nayo ipo na inatumika. Kwa hiyo kosa si la upepo. Tokyo theluji ni chache, na paa lake lina tabaka mbili ambazo hewa ya moto hupitishwa kati yake. Waliopata hasara ni wale waliosoma bei ya ujenzi wakaishia hapo.

Tupande tena angani, safari hii na watu ndani, maana hapa ndipo hesabu inapobadilika kabisa.

Kanuni yenyewe ni fupi. Nguvu inayovuta ukuta wa mfuko wa pipa ni mgandamizo wa ndani mara nusu ya kipenyo. Tokyo Dome inashikilia paskali 304. Chumba cha wanaanga kinashikilia hewa kamili ya usawa wa bahari, paskali 101,300, mara 333 zaidi. Kwa BEAM, yenye nusu kipenyo cha mita 1.6, kila mita moja ya mshono inavutwa kwa tani 16 na ushee. TransHab, nyumba ya anga ambayo wahandisi wa NASA mjini Houston waliichora miaka ya 1990, ilikuwa na kipenyo cha mita 8.2: kila mita ya mshono wake ingevutwa kwa tani 42. Na NASA haikubali kitambaa kinachobeba watu kiwe na nguvu ya kutosha tu; inataka mara nne. Tani 169 kwa mita. Uzito wa juu kabisa wa lori unaoruhusiwa kwenye barabara za Afrika Mashariki ni tani 56, kwa hiyo jaribu kuning'iniza malori matatu yaliyojaa pomoni kwenye kipande cha mkanda wa kitambaa chenye upana wa mita moja.

Nyuzi za kufanya kazi hiyo zipo, Kevlar na Vectran, na zinafumwa kwa mikanda kama mkeka. Mwaka 1998 mfuko wa TransHab ulijazwa maji ndani ya bwawa la mazoezi la wanaanga hadi mara nne ya mgandamizo wa kawaida, na ukahimili. Kampuni ya Sierra Space, inayoendeleza wazo hilo leo, ilipasua kwa makusudi mfuko wa ukubwa kamili wa mita za ujazo 300 hivi, katika jaribio lililotangazwa Januari 2024. Ulipasuka kwenye pauni 77 kwa inchi ya mraba, ilhali kiwango kilichotakiwa kilikuwa 60.8. Asilimia 27 zaidi.

Jambo moja hapa huwapita hata wataalamu wa biashara ya anga. Watu husema jenga kubwa upate nafuu. Kwa nyuzi za kushikilia mgandamizo, si kweli. Ongeza nusu kipenyo mara mbili bila kubadili urefu: eneo la ukuta linakuwa mara mbili, na nguvu inayovuta kila mita nayo mara mbili, kwa hiyo uzito wa nyuzi unakuwa mara nne. Ujazo nao umekuwa mara nne. Hakuna ulichookoa, kila mita ya ujazo inadai kilo zile zile za nyuzi. Nafuu inapatikana kwenye ngao ya nje, tabaka za kauri na sponji zinazozuia vijiwe vya anga, na kwenye utando wa ndani unaozuia hewa isivuje. Hivyo vinafuata eneo, havifuati ujazo. Ngao ya TransHab ilikuwa na unene wa karibu sentimita 30, sponji ikibanwa wakati wa safari na kutanuka ikifika. Ukuta wa namna hiyo ndio ulioila BEAM: kati ya mita za ujazo 33 za nje, aliyemo ndani anapata 16 tu.

Sasa bei. BEAM iliigharimu NASA dola milioni 17.8 kwa mkataba na kampuni ya Bigelow Aerospace ya Nevada. Gawanya kwa mita za ujazo 16: dola milioni 1.1 kwa kila mita. Maabara ya Destiny, chumba cha alumini kilichofika kituoni mwaka 2001, iligharimu dola bilioni 1.4 na ina mita za ujazo 106. Dola milioni 13.2 kwa kila mita. Mara kumi na mbili! Wauzaji wa mifuko hupenda kuishia hapo, na mimi nawasihi wasomaji wasiishie hapo. Destiny ina umeme, mabomba, makabati ya majaribio, dirisha na mitambo ya hewa. BEAM ni chumba kitupu, na kazi yake kubwa imekuwa stoo. Ukilinganisha uzito, tofauti inapungua: BEAM kilo 88 kwa mita ya ujazo, Destiny kilo 137. TransHab, iliyokusudiwa kuwa nyumba kamili ya mita za ujazo 340 kwa karibu tani 13, ingeshuka hadi kilo 39, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa namba ya kushangaza. Haikuruka. Bunge la Marekani lilipiga marufuku fedha zake mwaka 2000, na Robert Bigelow, tajiri wa nyumba za kupangisha, akanunua haki za teknolojia hiyo.

Wepesi ulikuwa na thamani gani hasa? Enzi za vyombo vya Space Shuttle, kilo moja kufika kwenye mzingo wa chini ilikadiriwa kugharimu dola 54,500. Kusafirisha kilo 1,400 za BEAM kwa bei hiyo ni dola milioni 76, zaidi ya mara nne ya bei ya BEAM yenyewe. Roketi ya Falcon 9 kwa miaka mingi iliorodheshwa kwa dola milioni 62, na uwezo wake wa juu ni kilo 22,800: dola 2,720 kwa kilo. Kwa bei hiyo mzigo ule ule ni dola milioni 3.8. Bei ya orodha si bei ya safari ya kwenda kituoni, lakini mwelekeo hauna ubishi. Roketi zilipokuwa ghali, kila kilo iliyopunguzwa ilikuwa dhahabu. Zilipoanza kuwa rahisi, hoja ya wepesi ikapoteza meno.

Hoja iliyobaki ni upana. Pua ya Falcon 9 ina nafasi ya ndani ya mita 4.6. Bomba la alumini lenye upana zaidi ya huo halipiti hapo, lakini mfuko uliokunjwa unapita na kutanuka hadi mita 8.2, na hivyo sakafu inaongezeka zaidi ya mara tatu. Hata hiyo ina mshindani: roketi ya Starship inaundwa kwa kipenyo cha mita 9. Chombo kipana kiasi hicho kikianza kubeba mizigo kila wiki, anayeuza nyumba ya kitambaa atabidi aje na sababu nyingine. Bigelow Aerospace yenyewe haikusubiri; Machi 2020 iliwaachisha kazi wafanyakazi wake wote. Chumba chake kimeishi kuliko kampuni. Kilipangiwa miaka miwili, na ukikipa miaka minane tu ya kwanza, gharama ya mita ya ujazo kwa mwaka inashuka kutoka dola 556,000 hadi 139,000.

Muda ndio kipimo ninachokiamini kuliko vingine, na Kenya ilikionja kwa karibu. Julai 2020 kampuni ya Loon, tawi la Alphabet, kampuni mama ya Google, ilianza kuuza intaneti kwa kushirikiana na Telkom Kenya: maputo 35 hivi ya plastiki, kila moja likikaribia ukubwa wa uwanja wa tenisi, yakielea kilomita 20 juu ya magharibi na katikati ya nchi na kufunika karibu kilomita za mraba 50,000. Hiyo ni moja ya kumi na mbili ya Kenya, kwa maputo ambayo yangeenea kwenye yadi ya mabasi. Namba tamu kabisa. Lakini kila puto lilikuwa na bei ya makumi ya maelfu ya dola na lilidumu karibu miezi mitano kabla plastiki haijachoka, ingawa moja liliwahi kukaa angani siku 312. Maputo 35 yanayobadilishwa kila miezi mitano ni maputo 84 kwa mwaka. Tuseme, kwa mfano tu, kila moja ni dola 50,000: dola milioni 4.2 kila mwaka za mifuko mitupu, kabla hujalipa heliamu, marubani wa kompyuta na mtambo wa kurushia. Yalirushwa kutoka Nevada na Puerto Rico na kusafiri kwa upepo hadi Afrika.

Vita vyao vikubwa vilikuwa dhidi ya tundu dogo. Katika kutafuta chanzo cha uvujaji waligundua kwamba hata soksi za mafundi waliokuwa wakikanyaga plastiki kiwandani zilikuwa na neno: soksi zenye manyoya mengi zilipunguza mikwaruzo, na uvujaji nao ukapungua. Januari 2021 Alphabet ilitangaza kuifunga Loon kwa sababu gharama hazikushuka vya kutosha kuendesha biashara.

Kuna mahali ambapo mwenye kulipa haangalii kudumu, na hapo mfuko hauna mpinzani. Madaktari Wasio na Mipaka walisimamisha hospitali ya mahema ya kujazwa upepo Pakistan baada ya tetemeko la 2005, kisha Haiti mwaka 2010, kisha Ufilipino baada ya kimbunga cha 2013. Haiti ndege iliyobeba hospitali hiyo ilinyimwa ruhusa ya kutua Port-au-Prince, mzigo ukapitia Jamhuri ya Dominika, na siku nzima ikapotea. Chumba cha upasuaji kinachopakiwa kwenye ndege kinauzwa kwa saa, na saa moja baada ya tetemeko ina bei yake.

Mfuko wa kujazwa gesi ulio karibu zaidi na wasomaji wetu, hata hivyo, uko nyuma ya zizi la ng'ombe. Mitambo ya biogesi ya bomba la plastiki ilianza kuenezwa Tanzania miaka ya 1990, wakati Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kilikuwa kimeshatumia muongo mzima kueneza mitambo ya kuba la matofali. Ifanyie hesabu ile ile ya kitambaa cha anga. Gesi kwenye mfuko huo ina mgandamizo wa sentimita chache za maji. Tuseme kumi, yaani paskali 1,000. Bomba la kipenyo cha mita 1.25 linavutwa kwa kilo 64 tu kwa kila mita, mzigo wa mtu mzima mmoja. Ndiyo maana plastiki nyembamba inatosha. Ndiyo maana pia moto wa jikoni huwa hafifu, na mama mwenye nyumba huweka gogo au jiwe juu ya mfuko wa akiba ili gesi isukumwe.

Adui ni jua. Plastiki isiyofunikwa hudumu miaka miwili hadi mitano, wakati kuba lililojengwa vizuri huhesabiwa miaka 20. Ukichukua miaka minne kwa mfuko, unahitaji mifuko mitano kwa maisha ya kuba moja, na mfuko unashinda pale tu bei yake iko chini ya moja ya tano ya bei ya kuba. Pesa ikiwa ya mkopo, mizani inaelekea zaidi kwenye mfuko, kwa kuwa kuba linadai fedha yote siku ya kwanza na riba huanza siku hiyo hiyo. Na kwa mfugaji aliyekodi kiwanja, hesabu haifiki hata kwenye riba: matofali yakishazikwa ni ya mwenye ardhi, naye anaweza kukitaka kiwanja chake msimu ujao.